Mbona Seneti ilijadili mswada alasiri nzima kisha haikupiga kura?

Swali la msomaji: "Mwalimu, hujambo. Mimi ni mkazi wa Kitui na mwaka huu nimeanza kufuatilia vikao vya Seneti. Wiki jana nilitazama kikao cha alasiri tangu saa nane na nusu hadi kilipoahirishwa saa kumi na mbili na nusu. Walijadili mswada wa elimu ya chekechea kwa zaidi ya saa mbili, na sikusikia hata seneta mmoja akiupinga. Kisha Spika wa Muda akasema kura kuhusu mswada huo itapigwa siku nyingine, wakaingia shughuli iliyofuata. Nilihesabu maseneta 27 ukumbini. Je, 27 hawatoshi? Kama hawakuweza kuamua, walikuwa wakifanya nini siku nzima? Na wakirudi, mjadala utaanza upya?"

Sijambo, ndugu yangu, na asante kwa kukaa na kikao tangu mwanzo hadi mwisho. Wengi wetu huiona Seneti kwa vipande vya dakika moja, seneta akimbana gavana au Spika akimwamuru mtu atoke nje, na kwa vipande hivyo huwezi kujua kazi yenyewe inavyokwenda. Nitaanza na hao 27 wako, maana mengi uliyouliza yamo humo.

Ukitaka kuielewa Seneti ya Kenya, shika namba mbili: 15 na 24. Kumi na tano ni akidi. Ibara ya 121 ya Katiba inaruhusu Seneti kuendelea na shughuli zake maseneta 15 wakiwapo. Ishirini na nne ni hesabu ya kaunti. Ibara ya 123 inasema kwamba jambo likigusa kaunti, maseneta hawapigi kura mmoja mmoja. Kila kaunti ina ujumbe wake, na kila ujumbe una kura moja. Jambo hupita likiungwa mkono na zaidi ya nusu ya jumbe zote 47, yaani 24. Lishike hilo neno "zote". Hawahesabu nusu ya waliohudhuria. Wanahesabu nusu ya kaunti zote za nchi, ziwe zina mtu ukumbini au hazina.

Sasa turudi kwa watu uliowaona. Maseneta wote ni 67. Kati yao, 47 walichaguliwa na wananchi, mmoja kila kaunti, na 20 waliingia kupitia orodha za vyama: wanawake 16, wawili wa kuwakilisha vijana na wawili wa kuwakilisha watu wenye ulemavu. Seneta mteule huwa mjumbe wa kaunti alikojiandikisha kuwa mpiga kura, na mkuu wa ujumbe ni yule aliyechaguliwa. Mkuu akiwa hayupo, anaweza kumwachia mwenzake wa kaunti hiyo hiyo kibali cha kumpigia.

Basi tufanye mfano. Tuseme kati ya 27 uliowahesabu, 17 walichaguliwa na 10 waliteuliwa. Katika hao 10, sita wanatoka kaunti ambazo seneta wake aliyechaguliwa ameketi pale pale. Hawaongezi kura hata moja. Wanne waliobaki wanatoka kaunti ambazo mkuu wake hayupo, lakini ni wawili tu walioachiwa kibali. Kura zilizomo ukumbini ni 19. Zimepungua tano, ingawa kwa macho yako ukumbi una watu wa kutosha na wote wanasema wanaunga mkono.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wangu hulifikia wakiwa na kalamu mkononi. Wateule ni 20 na kaunti ni 47, kwa hiyo kuna kaunti zisizopungua 27 ambazo ujumbe wake ni mtu mmoja pekee. Huyo akisafiri, akiugua, au akienda kukutana na wapiga kura wake siku ya Alhamisi, kaunti nzima imetoka naye. Hakuna wa kumwachia kibali.

Ndiyo maana Spika wa Muda aliahirisha. Angeuliza swali la mwisho saa ile, na wote 19 wakajibu ndiyo bila hata mmoja kusema la, mswada ungeanguka. Nakuomba uisome tena sentensi hiyo, kwa sababu ndiyo inayowachanganya wananchi wengi, na nimewahi kuona hata waandishi wa habari wakiandika kwamba mswada "ulipita bila kupingwa" siku ambayo haukupita kabisa. Katika mambo ya kaunti, kiti kitupu hufanya kazi ya kura ya la. Kanuni za Kudumu za Seneti zinampa anayeongoza kikao nafasi ya kusogeza kura hadi siku nyingine, na alipofanya hivyo aliuokoa mswada uliokuwa ukiufuatilia.

Umeuliza walikuwa wakifanya nini. Walikuwa wakifanya yale yote ambayo watu 15 wanaruhusiwa kufanya, na ni mengi kuliko unavyodhani.

Kikao huanza kwa siwa, ile rungu ya heshima ya Bunge, kutangulizwa na Spika kufuata, kisha sala. Halafu, kabla ya lolote, Spika humgeukia karani wa mezani na kumuuliza kama akidi ipo. Siku nyingi haipo. Karani ananong'ona hesabu yake, na Spika anaamuru kengele ya akidi ipigwe kwa dakika 10. Kengele hiyo inasikika kwenye kumbi na ofisi za Bunge, na ukiwa kwenye roshani ya wageni utaona mlango ukifunguka kila baada ya muda, seneta anaingia akiwa bado na karatasi za kamati mkononi, anasimama, anainama kwa heshima kuelekea kwa Spika, anakwenda kuketi. Usiwahukumu upesi wanaochelewa. Asubuhi wengi huwa kwenye kamati, na kamati ndiko miswada inakosukwa. Lakini wapo pia wasioonekana kwenye kamati wala kikaoni, na hao wapiga kura wao wana haki ya kuwauliza.

Akidi ikitimia, karani anasoma shughuli ya kwanza. Hapo ndipo huja matangazo ya Spika, taarifa kutoka Bunge la Taifa, maombi ya wananchi, hati za kuwekwa mezani na notisi za hoja. Haya hupita haraka, na kama hukuyasikiliza hukupoteza mengi, isipokuwa maombi ya wananchi. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo ndani ya mamlaka yake, na ombi likishasomwa ukumbini linakabidhiwa kamati yenye muda wa siku 60 wa kulijibu. Nimeona ombi lililoandikwa kwa mkono na kikundi cha wakulima likisomwa katika ukumbi ule ule na kwa utaratibu ule ule unaotumika kwa hati za serikali.

Kisha huja kipindi cha taarifa, na hapa ndipo ningependa ukae kwa makini zaidi kuliko kwenye mjadala wa mswada. Seneta anasimama na kuomba kamati fulani itoe taarifa kuhusu jambo fulani: kwa nini hospitali ya rufaa ya kaunti yake haina dawa ilhali fedha zilitumwa, daraja lililoanza kujengwa limekwama wapi, wahudumu wa afya wamekaa miezi mingapi bila mshahara. Akikaa, wenzake wanasimama mmoja mmoja kuongeza: "Bw. Spika, hata kwangu hali ni hiyo hiyo." Katika dakika 20 unasikia tatizo moja kutoka pande tano za nchi. Kamati husika inapokea ombi hilo, inaandikia wizara au serikali ya kaunti, inaweza kuwaita wahusika, na inarudi na majibu. Hakuna kura hapo, wala hakuna haja ya kaunti 24. Kwa maoni yangu, baada ya miaka ya kusoma Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, kurasa kwa kurasa, dakika hizo zimewafikishia wananchi mambo mengi ambayo hakuna sheria iliyoyafikisha, kwa sababu afisa anayejua kwamba barua ya Seneti iko njiani hulitafuta faili.

Jumatano asubuhi kuna kikao kingine, na katika Bunge hili la 13 mawaziri wamekuwa wakifika ukumbini kujibu maswali ya maseneta ana kwa ana. Chini ya Katiba ya 2010 mawaziri si wabunge, kwa hiyo ilibidi kanuni zirekebishwe ili waweze kusimama mbele ya maseneta wote na si mbele ya kamati pekee. Alhamisi, Kiongozi wa Wengi husoma mambo yatakayoshughulikiwa wiki inayofuata. Hiyo taarifa fupi ya Alhamisi huwa siikosi, na nitakueleza sababu mwishoni.

Ndipo sasa mswada. Ule uliousikia ulikuwa katika kusomwa mara ya pili, ambako maseneta hujadili shabaha ya mswada mzima kabla ya kugusa kifungu kimoja kimoja. Kusomwa mara ya kwanza hakuna mjadala, karani anasoma jina tu. Baada ya hapo mswada huenda kwa kamati, na kamati inalazimika kutafuta maoni ya wananchi kwa mujibu wa Ibara ya 118. Elimu ya chekechea iko chini ya kaunti, imeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo hapakuwa na shaka kwamba mswada wako unahusu kaunti na kwamba kura yake ni ya jumbe.

Mjadala wa saa mbili ambao haumalizwi kwa kura una kazi yake. Mwenye mswada huketi akiandika. Seneta wa kaunti kame anauliza mtoto wa mfugaji anayehamahama atasajiliwa wapi. Seneta wa jiji anauliza kuhusu shule za chekechea za watu binafsi zilizojaa kwenye mitaa isiyo na uwanja. Mteule anayewakilisha watu wenye ulemavu anauliza ni kifungu kipi kinachomlinda mtoto kiziwi, na akigundua hakipo, hapo hapo anatangaza kwamba ataleta marekebisho. Huyo huenda asiwe na kura ya kaunti siku ya uamuzi, lakini kifungu kitakachoingia kitakuwa chake. Ukiwasikiliza wateule kwa dhana kwamba hawana maana kwa kuwa hawapigi kura katika mambo ya kaunti, utakosa nusu ya kazi ya Seneti. Wanaleta miswada, wanaongoza kamati, na hoja zao zinabaki kwenye Hansard, ambayo mahakama nayo huifungua inapotafuta nia ya sheria.

Huenda pia ulisikia Kiswahili kingi siku hiyo. Ibara ya 120 imezitaja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na kanuni zinamtaka seneta aliyeanza hotuba kwa lugha moja aimalize kwa lugha hiyo. Anayesema "Asante, Bw. Spika, kwa kunipa fursa hii" kisha akateleza kwenye Kiingereza anaweza kusimamishwa kwa hoja ya nidhamu. Fungua Hansard ya siku kama hiyo utakuta Kiswahili cha Pwani kimelala kati ya kurasa za Kiingereza, kama kilivyosemwa, bila kutafsiriwa. Kwa mzazi wa mtoto wa chekechea anayetaka kujua ni nini kilisemwa kwa niaba yake, hilo ni jambo kubwa.

Siku ya kura mambo hubadilika kabisa, na ukiipata itazame. Kwanza ukumbi hujaa ghafla. Viranja wa pande zote, yaani maseneta wenye kazi ya kuwakusanya wenzao wakati wa kura, wamekuwa kwenye simu tangu asubuhi, wakihesabu kaunti kwa vidole: Turkana yupo, Taita Taveta yuko njiani, Mandera ameacha barua. Spika anaamuru kengele ya kura ipigwe kwa dakika chache. Kengele ikinyamaza, milango inafungwa na vizuizi vinavutwa, na kuanzia hapo hakuna anayeingia wala kutoka. Kila upande unataja mhesabu kura wake. Ikiwa kura ni ya kuita majina, karani anaita na seneta anajibu kwa kutaja kaunti yake na msimamo wake. Hapo ndipo utasikia jina la mteule likifuatwa na jina la kaunti ambayo hakuchaguliwa kuiwakilisha, kwa sababu siku hiyo ameachiwa kibali. Katiba inamtaka anayepiga kura ashauriane kwanza na wenzake wa ujumbe, lakini uamuzi ni wake. Katika Kamati ya Seneti Nzima, ambako vifungu hupitiwa kimoja kimoja, mara nyingi vifungu vingi hukusanywa na kupigiwa kura kwa pamoja, kwa sababu kila mtu anajua kwamba hizo kaunti 24 haziwezi kushikwa ukumbini kwa saa nyingi.

Huenda ukauliza: kwa nini tujitese hivi? Si bora kila seneta awe na kura yake, mambo yaishe?

Hili lina historia. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya kati ya 40 za wakati huo na mmoja wa Nairobi. Ilikuwa sehemu ya mpango wa majimbo. Mwishoni mwa 1966 iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi, tukabaki na bunge moja kwa zaidi ya miaka 40. Mfumo wa majimbo wenyewe ulikuwa umeshavunjwa, na Seneti haikuwa na cha kukilinda tena. Walioandika Katiba ya 2010 waliirudisha na kazi iliyo wazi: Ibara ya 96 inasema inawakilisha kaunti na kulinda maslahi ya kaunti na serikali zake. Kwa hiyo kura ikawekwa mikononi mwa kaunti. Kwa hesabu ya watu ya 2019, Nairobi ina wakazi zaidi ya milioni 4.3 na Lamu takriban 144,000. Katika Bunge la Taifa tofauti hiyo inaonekana kwa wingi wa viti vya maeneo bunge. Katika Seneti Nairobi ina kura moja na Lamu ina kura moja.

Maana ya usawa huo ilionekana mwaka 2020. Seneti, kwa mamlaka yake chini ya Ibara ya 217, ilikuwa ikiamua msingi mpya wa kugawa fedha kati ya kaunti. Pendekezo lililokuwa mezani lilizipendelea kaunti zenye watu wengi, na kaunti za Kaskazini na Pwani zingepoteza mabilioni. Kikao kiliitwa, kikaahirishwa, kikaitwa tena, wiki baada ya wiki, kwa kuwa hakuna upande uliofikisha 24. Tarehe 17 Agosti, siku ambayo kura ilitarajiwa, maseneta watatu, wa Kakamega, Bomet na Samburu, walikamatwa na polisi, na wenzao wakakataa kuendelea. Jaribu kufikiria uzito wake: kumzuia seneta mmoja wa kaunti isiyo na mjumbe mwingine ni kuzuia kura ya kaunti nzima. Mwafaka ulipatikana tarehe 17 Septemba. Mgao wa kaunti, ambao ulikuwa shilingi bilioni 316.5, ungeongezwa hadi bilioni 370 mwaka uliofuata, na fomula ikapangwa ili isiwepo kaunti itakayopokea pungufu ya ilichokuwa ikipokea. Kaunti ziliteseka miezi hiyo, mishahara ikachelewa, na sisemi kwamba gharama ilikuwa ndogo. Lakini katika ukumbi wa kura moja moja, ambako walio wengi wangehesabiwa na kumaliza, sioni kama kaunti zenye watu wachache zingesikilizwa kwa miezi mitatu.

Kuna mambo ambayo maseneta hupiga kura kila mmoja kwa nafsi yake, nayo ni yale yasiyogusa kaunti, pamoja na kuamua mashtaka ya kumwondoa Rais au Naibu wake chini ya Ibara ya 145. Usiku wa 17 Oktoba 2024, ulipoona kila seneta, mteule na aliyechaguliwa, akiitwa kwa jina kuhusu Naibu Rais Rigathi Gachagua, kilichohitajika kilikuwa thuluthi mbili ya maseneta wote, yaani 45 kati ya 67. Kesi ya gavana huamuliwa kwa jumbe za kaunti. Ndiyo maana hesabu za usiku ule hazifanani na hesabu za kesi za magavana, na watu wengi walizichanganya.

Hata mswada wako ukipata 24, safari haijaisha. Utakwenda Bunge la Taifa. Nalo likiupitisha bila kugusa kitu, unapelekwa kwa Rais, ambaye ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha na sababu zake. Likifanya marekebisho ambayo Seneti inayakataa, mswada unakabidhiwa kamati ya upatanisho yenye wajumbe sawa kwa sawa kutoka pande zote mbili, na isipoafikiana ndani ya siku 30, mswada umekufa. Mapatano hayo ndiyo yaliyozaa bilioni 387.4 za kaunti mwishoni mwa 2024, wakati Bunge la Taifa lilitaka kushusha mgao hadi bilioni 380 na Seneti ikashikilia bilioni 400. Mwaka 2025 tena, bilioni 405 upande mmoja na bilioni 465 upande wa pili, wakakutana kwenye bilioni 415. Unaona kwamba mara zote mbili mwafaka ulilala karibu zaidi na namba ya Bunge la Taifa. Hilo linanisikitisha, na nadhani linapaswa kumsikitisha kila anayeishi kwenye kaunti, yaani sisi sote.

Linalonisikitisha zaidi ni miswada ya Seneti ambayo huvuka na kukaa. Bunge la Taifa halilazimiki kuiharakisha, na Bunge likimaliza muda wake kabla mswada haujapita, unazimika na lazima uanze upya. Kwa miaka mingi mabunge haya mawili yamevutana pia kuhusu mswada upi unahusu kaunti na upi hauhusu. Novemba 2013 Mahakama ya Juu ilitoa ushauri kwamba Mswada wa Ugavi wa Mapato unaihusu Seneti, baada ya kupelekwa kwa Rais bila marekebisho yake. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti kushirikishwa. (Utasikia watu wakibishana kuhusu bunge lipi ni la juu. Katiba haitumii neno hilo popote, na ubishi huo umekula muda ambao ungetumika kuelewana.)

Mwisho, umeuliza kama mjadala utaanza upya. Hautaanza. Yote yaliyosemwa wiki jana yamehifadhiwa, na mwenye mswada akishajibu hoja za wenzake, kilichobaki ni Spika kuuliza swali. Mswada utarudi kwenye Ratiba ya Shughuli ukiwa na maelezo kwamba ni kura pekee iliyobaki. Hapo ndipo taarifa ya Kiongozi wa Wengi ya Alhamisi inapokusaidia: sikiliza kama ametaja mswada huo kwa wiki ijayo, kisha tafuta Ratiba ya siku husika kwenye tovuti ya Bunge asubuhi ile. Siku zenye miswada mitatu minne inayosubiri kura, viranja huipanga yote kwa pamoja mwanzoni mwa alasiri, kabla watu hawajaanza kutoka. Ukichelewa kuwasha hadi saa tisa na nusu unaweza kukuta imekwisha.

Na ukitaka kumpigia seneta wako simu kabla ya siku hiyo, mpigie. Muulize kama atakuwepo, na kama hatakuwepo, kaunti yenu ina mteule aliyejiandikisha kupiga kura huko, na ameachiwa kibali? Ofisi yake inayo majibu yote mawili. Kisha kengele itakapolia, keti na daftari lako na uandike kaunti zinavyoitwa, hadi usikie Kitui.